Simu Haikai Matanga

Barua ya kujieleza ilifika siku ya pili baada ya mazishi, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati la dereva wa bodaboda. Nilikuwa tabibu kijana katika zahanati moja ya pwani ya Kilwa. Mama tuliyemzika alikuwa amejifungua salama mikononi mwetu, mtoto akalia, tukacheka, kisha damu ikaanza kutoka na haikukoma. Oksitosini ilikuwa imekwisha wiki mbili nyuma. Gari la wagonjwa lilikuwa gereji. Masika yalikuwa yameila barabara. Tulimpakia kwenye pikapu ya samaki, mimi nimepiga magoti nyuma nimemkandamiza tumbo kwa ngumi, na kabla hatujaiona lami alikuwa amenyamaza. Barua ilinitaka nieleze, ndani ya siku saba, kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu.

Miaka imepita, na siku hizi naandika zaidi kuliko ninavyotibu. Kila ninapoingia kwenye ukumbi unaojadili afya ya akili ya watumishi wa afya, namsubiri mtu aitaje barua ya namna ile. Haitajwi. Kinachotajwa ni simu. Tunaambiwa kwamba muuguzi amechoka, mkunga ana msongo, daktari amevunjika moyo, na kwamba dawa iko mkononi mwao tayari: programu ya simu janja itakayomuuliza mtumishi kila asubuhi anajisikiaje kwa kipimo cha moja hadi tano, itakayomfundisha kuvuta pumzi taratibu, itakayomtumia maneno ya kumtia moyo, na akitaka kuzungumza usiku wa manane, mashine itamjibu. Hoja hii ilipata nguvu duniani mwaka 2020 wakati wa korona, pale kampuni kama Headspace zilipotoa huduma zao bure kwa watumishi wa afya wa Uingereza na Marekani. Tangu hapo imekuwa kama ukweli usiohitaji kuulizwa. Wanaoiamini ni watu wema, wengine ni rafiki zangu, na hoja yao nitaisema kwa ukamilifu kabla sijaikataa.

Wanasema hivi. Wataalamu wa magonjwa ya akili nchini ni wachache mno, na mtu wa Liwale au Kilwa hawezi kumsubiri daktari bingwa ambaye hatakuja. Simu ipo kila mahali. Ni rahisi kuliko kuajiri. Na la nne, ambalo ndilo zito kuliko yote, simu inaficha. Mtumishi wa afya katika mji mdogo hawezi kwenda kukaa kwenye benchi la kliniki ya akili mbele ya wagonjwa wake mwenyewe. Mirembe, hospitali yetu ya Dodoma iliyotibu watu wengi kwa heshima, jina lake limegeuzwa tusi mitaani. Nani atataka kuonekana anakaribia mlango wa namna hiyo? Afadhali aseme na kioo cha simu chumbani kwake. Wahenga wenyewe wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, basi tumpe mahali pa kufichua bila kuonekana.

Nakubaliana nao kwamba maumivu yapo na kwamba aibu ipo. Ninachokataa ni mahali wanapouweka ugonjwa.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa, lilieleza uchovu huu kuwa hali inayotokana na kazi: msongo wa muda mrefu wa mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa. Halikuuita ugonjwa wa mtu. Christina Maslach, mwanasaikolojia wa Marekani ambaye kipimo chake cha uchovu wa kazi kinatumika tangu mwaka 1981, ametumia miaka mingi akisisitiza jambo hilohilo, kwamba ukitaka kujua kwa nini watu wanaungua, chunguza kazi yao kabla ya kuchunguza vichwa vyao. Sasa angalia programu inafanya nini. Inamchukua mtu aliyekaa zamu tatu mfululizo kwa sababu mwenzake hajaajiriwa, inamwuliza yeye ana tatizo gani, kisha inampa yeye kazi ya kulitatua, tena katika saa zake za kulala. Gereji haina vipuri, bohari haina dawa, ikama haijajazwa, na anayepewa mazoezi ni mkunga.

Neno wanalolipenda ni ustahimilivu. Kwetu pwani neno hili tunalijua vizuri na tunaliheshimu, na ndiyo maana linaniuma linapotumika ovyo. Mtu hustahimili kilicholetwa na Mungu: kifo, ukame, dau lililozama na mvuvi wake. Hatukumwambia mtu yeyote astahimili kilichoachwa na mtu. Oksitosini iliyokwisha haikuletwa na kudra. Kuna karatasi ya kuagizia, kuna aliyepaswa kuisaini, kuna gari lililopaswa kuileta. Ukimwambia mkunga astahimili hapo umekwisha kuamua kwamba hakuna anayedaiwa.

Na ushahidi? Mwaka 2024 William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 katika mashirika 233 ya Uingereza. Aliwalinganisha walioshiriki mafunzo ya ustahimilivu, mazoezi ya utulivu, programu za simu za ustawi na mengine ya namna hiyo, na wenzao wasioshiriki. Walioshiriki hawakuwa na hali nzuri zaidi. Kitu kimoja tu kilichoonekana kwenda na nafuu kilikuwa kupewa nafasi ya kujitolea kusaidia wengine. Wapo watafiti waliofanya majaribio ya aina nyingine na kupata nafuu ndogo kwa wanaozitumia programu hizi, nami siwakatai. Lakini wanaozitumia ni wangapi? Watafiti waliopima matumizi ya programu 93 za afya ya akili, zile zilizopakuliwa sana, walikuta mwaka 2019 kwamba kwa programu ya kati na kati, siku ya 15 ni asilimia 3.9 tu ya waliozipakua bado wanazifungua, na siku ya 30 ni asilimia 3.3. Dawa ambayo watu 96 kati ya 100 wameiacha ndani ya wiki mbili, hakuna bohari ambayo ingeendelea kuiagiza.

Mtumishi wa afya wa Tanzania, tena, haji kwenye simu hii mikono mitupu. Ana rejista za karatasi za MTUHA, mfumo wa taarifa za afya, na ana mfumo wa kompyuta unaotaka yaleyale yaliyoandikwa kwenye karatasi. Ana GoTHOMIS, programu ya kuendeshea kituo, ana PEPMIS iliyoshika nafasi ya OPRAS ambamo lazima ajaze kazi zake ili apimwe utendaji, ana dodoso la mradi huu na kishikwambi cha mradi ule. Kila kimoja kilikuja na ahadi ya kumpunguzia kazi. Nimewaona wauguzi wakimaliza kliniki ya watoto saa tisa alasiri kisha wakaanza kliniki ya pili, ile ya kuingiza taarifa, wakitafuta mtandao chini ya mwembe ulio karibu na barabara kwa sababu ndani ya jengo haushiki. Mtu huyo ukimletea neno la siri la tano, alikumbuke na kuliingiza ili aseme amechoka, umemwongezea sababu ya kuchoka. Na mfumo unapogoma, maana mifumo hugoma, ni yeye atakayeulizwa kwa nini hajajaza.

Mkoa wetu wa Lindi una jambo la kusema kuhusu kugoma kwa mitandao. Mei 4, 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga Mafia, na mvua zake zikaikata barabara kuu Somanga, hapa Kilwa. Kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikawa hazifikiki kwa barabara hiyo kutoka Dar es Salaam. Hata wiki haijatulia, Mei 12, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikakatika, mtandao ukazorota nchi nzima. Fikiria wodi ya hospitali ya Kinyonga kule Kivinje, au zahanati ya njiani iliyopokea waliokwama, katika siku kumi zile. Ndizo siku ambazo mtumishi alihitaji kushikwa mkono kuliko siku nyingine zote za mwaka, na ndizo siku ambazo programu ingekuwa kioo cheusi. Waliokuwapo ni wenzake wa zamu.

Narudi kwenye lile la siri, kwa sababu ndilo linalowavuta wengi na sitaki kulipita juu juu.

Simu haifichi. Inaficha kwa jirani, lakini inaandika. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliiamuru kampuni ya BetterHelp, inayouza ushauri nasaha kwa mtandao, kulipa dola milioni 7.8 kwa sababu ilikuwa imezipeleka taarifa za wateja wake kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo, baada ya kuwaahidi kwamba ni siri. Nchini Finland, mwaka 2020, mwizi wa mtandao aliyeiba kumbukumbu za kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo aliwaandikia wagonjwa wenyewe akidai fedha ili asiyamwage maneno yao hadharani. Maneno ya maelfu ya watu yalikuwa mikononi mwake, yale ambayo mtu huyasema mara moja maishani. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume ya kuisimamia, na ni jambo jema. Sheria humwadhibu aliyevujisha. Haiwezi kumrudishia mtu siri yake.

Watasema taarifa zitaondolewa majina. Kwa Dar es Salaam labda. Lakini nenda Songosongo, kisiwa kile cha gesi, ambako watumishi wa afya wanahesabika kwa vidole. Taarifa ikisoma kwamba muuguzi wa kike, umri chini ya miaka 30, kituo cha kisiwani, wilaya ya Kilwa, amejaza moja kati ya tano kwa siku kumi na mbili mfululizo, jina la nini tena? Bosi wake anamjua. Mwenye mashua anamjua. Kwenye mji wa watu laki tano mtu anaweza kupotea ndani ya hesabu. Kisiwani hesabu ni wewe.

Na kuna baya zaidi. Kifungu cha 217 cha Kanuni yetu ya Adhabu kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa la jinai. Kenya, mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu iliona kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume na Katiba. Chetu kipo. Hao wanaotaka muuguzi aliyefika ukingoni aiandikie mashine, kwenye programu aliyopewa na mwajiri, kwamba jana alizihesabu dawa za kabatini akafikia hatua fulani, wamemwonyesha kifungu hicho kabla hajabonyeza? Anayejali afya ya akili ya watumishi aanze bungeni, kwa kifungu hicho. Kukifuta hakuhitaji bando.

Nitasema sasa jambo ambalo mtu wa Kilwa hulisema kwa adabu. Katika wilaya hii, kwenye vilima vya Umatumbi, vita vya Majimaji vilianza Julai 1905. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji, wakaamini yatazigeuza risasi za Wajerumani. Hayakuzigeuza, na yeye mwenyewe alinyongwa Agosti 4 mwaka huohuo, vita vikiwa bado vichanga. Watoto wa shule husimuliwa habari hii kama hadithi ya udanganyifu, nami tangu nikiwa mdogo niliona wanapunjwa. Maji yale yalifanya jambo moja kubwa: yaliwafanya Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na baadaye Wangoni wasimame upande mmoja dhidi ya shuruti la pamba na fimbo ya akida. Kinga ilishindwa, umoja ulikuwa wa kweli. Programu ya ustawi ina udhaifu wa maji yale bila ile nguvu yake. Kila mtumishi anakunywa peke yake, kwenye chumba chake, kwenye kioo chake, na asubuhi anaingia kazini bila kujua kwamba mwenzake wa chumba cha pili naye alijaza moja. Watu kumi na wanne waliochoka kwa sababu moja wanafanywa wagonjwa kumi na wanne. Hawawezi kwenda pamoja kwa mkurugenzi wa halmashauri wakasema: sababu ni hii.

Msomaji asidhani nachukia simu. Nina ushahidi wa simu iliyomponya mtumishi wa afya, na ushahidi huo umetoka mkoa huuhuu.

Kati ya mwaka 2009 na 2010, Lindi Vijijini ilikuwa moja ya wilaya tatu za Tanzania zilizojaribu mpango ulioitwa SMS for Life, nyingine zikiwa Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo 129 kwa jumla, kwa wiki 21. Mpango ulikuwa mwepesi mno. Kila Alhamisi simu ya mtumishi, simu ya kawaida ya vitufe, ilipokea ujumbe mfupi ukimwuliza ana kiasi gani cha dawa mseto ya malaria na kwinini ya sindano. Akihesabu akajibu kwa wakati, alipata muda wa maongezi kama shukrani. Wilayani mtu aliona nani ameishiwa na nani amezidiwa, dawa zikahamishwa. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo katika wilaya zote tatu vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 ilikuwa asilimia 26. Na Lindi Vijijini, ifikapo wiki ya nane, hali ya kuishiwa ilikuwa imekwisha, na karibu haikurudi mpaka jaribio likaisha.

Hakuna aliyeuita mpango ule wa afya ya akili. Lakini mimi najua maana ya kumtazama mama aliyebeba mtoto mwenye degedege akiwa ametembea tangu alfajiri, ukamwambia dawa hakuna, kisha ukamtazama akiifunga kanga yake upya na kuondoka bila neno. Yale macho yanalala na wewe. Ukifanya hivyo mara nne kwa wiki, kwa miezi, unaanza kumchukia mgonjwa kabla hajafika mlangoni, na siku unapogundua kwamba unamchukia ndiyo siku unayojiogopa. Hicho ndicho kinachoitwa uchovu wa kazi kikiwa kimevuliwa koti la kitaalamu. Ujumbe wa Alhamisi, kwa herufi zisizozidi 160, ulikiondoa chanzo chake kabla hakijatokea. Simu ile ilimwuliza mtumishi swali ambalo jibu lake lilimlazimisha mtu mwingine kufanya kazi. Hiyo ndiyo tofauti yote, nami naomba kila anayeandika andiko la mradi aibandike juu ya meza yake: swali la simu yako, likishajibiwa, linamtuma nani?

Mfumo wa m-mama ni wa ukoo huohuo. Mkunga anapiga 115, anayepokea anatafuta usafiri, na kama gari la wagonjwa halipo, anaitwa dereva wa kijijini aliyekwisha kusajiliwa na atalipwa. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua upanuzi wake kwenda nchi nzima. Nikifikiria pikapu ya samaki, siwezi kuuzungumzia mfumo huu kwa sauti ya kawaida. Takwimu za taifa zinaonyesha vifo vitokanavyo na uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Namba hizo hazikushuka zenyewe. Zilibebwa na wakunga waliokesha, wengi wao katika zahanati zenye mtumishi mmoja au wawili. Na hawa ndio tunaotaka kuwalipa kwa sauti ya mashine inayowaambia wavute pumzi?

Hata hofu ina dawa isiyo ya kupumua. Julai 2022, Mbekenyera wilayani Ruangwa, mkoa huuhuu, walianza kufika wagonjwa wenye homa, kichwa kuuma, uchovu, na damu zikitoka puani. Watumishi wa kituo kile cha afya waliwapokea bila kujua ni nini wanachokipokea, katika ukanda ambao kila mtu alikwisha kusikia majina ya Ebola na Marburg. Sampuli zikapelekwa maabara. Si Ebola, si Marburg, si korona. Julai 18 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akalitangazia taifa kuwa ni leptospairosisi, homa ya mgunda; wagonjwa 20, watatu wakiwa wamefariki. Kati ya mgonjwa wa kwanza na jibu lile kulikuwa na usiku usiopungua kumi. Katika usiku ule muuguzi wa Mbekenyera anayerudi nyumbani kwa watoto wake anahitaji nini? Glovu zinazotosha, barakoa, maji, na mtu wa kumpigia na kumwambia ukweli kila jioni, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba majibu bado. Mwaka uliofuata, Marburg ilipoingia Kagera kweli, mtumishi wa afya alikuwa miongoni mwa waliokufa. Hofu yao haikuwa fikra potofu ya kurekebishwa kwa mazoezi. Ilikuwa akili timamu.

Sasa lile swali la mwisho ninaloulizwa kila mara kwa upole: je, si afadhali hiyo programu kuliko kukosa kabisa? Ningekubali kama kweli tungekuwa hatuna kabisa. Lakini fedha ni ileile na nafasi kwenye mpango wa halmashauri ni ileile. Kisanduku kikishawekewa alama kwamba ustawi wa watumishi umeshughulikiwa, hakuna atakayekifungua tena mwaka unaofuata. Posho ya saa za ziada itaendelea kudaiwa. Nyumba ya mtumishi itaendelea kuvuja, na muuguzi aliyepangiwa kazi mbali na mumewe ataendelea kuandika barua za uhamisho zisizojibiwa.

Na hatuna haja ya kusema hatuna. Zimbabwe haikuwa na wataalamu kutuzidi sana. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mitaa ya Harare, wahudumu wa jamii, kukaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kumsikiliza mtu mpaka tatizo lake lipate sura na hatua ya kwanza. Jaribio lao kwa watu 573, lililochapishwa Desemba 2016, lilionyesha kwamba waliopata benchi walikuwa na dalili chache zaidi za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi. Kilwa, ambako kila nyumba ya kale ina baraza la kukalia mbele ya mlango, tunaagiza kioo.

Nimesema mama yule alizikwa. Sijasema yaliyofuata usiku ule.

Nilirudi kwenye chumba changu nyuma ya zahanati na damu kavu kwenye kucha. Msibani kwa marehemu watu walikuwa wamejaa, jamvi limetandikwa, wanawake wamelala palepale kama ada yetu inavyotaka, maana kwetu mfiwa haachwi alale peke yake. Mimi sikuwa mfiwa. Nilikuwa mtuhumiwa. Mhudumu wa zahanati, mama mtu mzima ambaye wote tulimwita Bi Mkubwa, aliyekuwa akisafisha leba ile tangu mimi niko shule ya msingi, alikuja na mkeka wake kwapani na sufuria ya uji wa mchele. Akautandika mkeka mlangoni. Hakuniuliza najisikiaje. Alikaa. Usiku wa kwanza alinieleza, kwa sauti ya mtu anayehesabu kuni, majina ya wanawake waliofia pale na nani aliyekuwa zamu kila mara. Wanne kati ya waliokuwa zamu niliwafahamu: mmoja alikuwa mwalimu wangu chuoni, mtu niliyedhani hajawahi kumpoteza mgonjwa. Usiku wa pili barua ilikuwa imefika, akaniambia nimsomee, akasema maneno manne ya kuniandikia jibu ambayo mpaka leo ni jibu bora kuliko lolote ningebuni: taja karatasi ya kuagizia. Usiku wa tatu hatukusema sana. Asubuhi akaukunja mkeka.

"Haya mwanangu, tanga limeanuliwa. Kaoge, watu wako nje."

Nilikwenda kuoga.

Kwa hiyo ninaloliomba lina ukubwa wa siku tatu. Mtumishi aliyefiwa na mgonjwa katika mazingira kama yale, apumzishwe siku tatu kwa waraka, bila kuomba na bila kukatwa likizo. Katika siku hizo asiandikiwe barua. Kikao cha kujadili kifo kitafanyika baadaye na kitafute kilichokosekana kabla ya kumtafuta aliyekosea. Mtu mmoja wa kituoni, mkubwa kwa umri au kwa uzoefu, alipwe posho ya kukaa naye, kama tunavyolipa posho za semina. Mganga mkuu wa wilaya ampigie yeye mwenyewe, kwa sauti. Na ile simu janja, kama kweli tunataka ifanye kazi, ikae ofisi ya wilaya na orodha ya watumishi wa zahanati za jirani, na saa kumi na moja alfajiri, taarifa ya kifo inapofika, itafute nani yuko nje ya zamu Miteja au Mchinga anayeweza kupanda gari la kwanza aje ashike leba.